Je, wajua kwa nini watu wenye akili hutapeliwa kwenye uwekezaji?

Mwishoni mwa mwaka 2008, mwanasaikolojia wa Marekani Stephen Greenspan alitoa kitabu kuhusu wepesi wa binadamu kudanganywa. Wakati huohuo akagundua kwamba takriban asilimia 30 ya akiba yake ya uzeeni ilikuwa imeangukia mikononi mwa Bernard Madoff, tapeli aliyekamatwa tarehe 11 Desemba mwaka huo. Ikiwa mtaalamu wa kudanganywa alidanganywa, basi tatizo si ukosefu wa akili.

Wengi huamini kwamba matapeli huwanasa wenye tamaa tu. Tapeli Charles Ponzi, kule Boston, Marekani, mwaka 1920, aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, na kwa ahadi ya namna hiyo mtu makini hugeuka na kwenda zake. Madoff alikuja na chambo kingine: kiasi cha asilimia 10 hivi kwa mwaka, soko lipande au lishuke. Kwa msomi, hicho ni kiwango cha busara. Kasoro ilikuwa kwenye ulaini wa faida hiyo, wala haikuwa kwenye ukubwa wake. Hisa hupanda na kushuka. Faida inayokuja miaka nenda miaka rudi bila kuyumba haielekei kuwa imetoka sokoni. Pengine kuna mtu anayeketi na kuiandika.

Mtu mwenye akili huuliza, “Mnapataje faida?” Swali zuri, lakini tapeli amelisubiri. Madoff alieleza kwamba hununua hisa za kampuni kubwa na kuzikinga kwa mikataba ya opsheni, yaani mikataba inayompa mtu haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa mapema. Maelezo yanaeleweka, na hapo ndipo mtego unapofyatuka: msikilizaji akishaelewa, anajiona amehakiki. Kumbe kuelewa jinsi jambo linavyoweza kufanyika hakuthibitishi kwamba limefanyika. Hisa zile hazikununuliwa. Fedha ziliingia katika akaunti ya benki, na aliyetaka kutoa chake alilipwa kutoka humohumo.

Swali linalouma ni jingine: mali yangu inatunzwa na nani, na nitamuulizaje bila kupitia kwako? Katika uwekezaji halali, anayeamua kununua na kuuza huwa tofauti na anayetunza hisa na fedha. Kwa Madoff, kampuni yake ndiyo iliyopokea fedha, ikadai kununua, ikadai kutunza, ikachapisha na taarifa za wateja. Mkaguzi wake wa hesabu alitoka katika ofisi ndogo yenye mhasibu mmoja tu aliyekuwa akifanya kazi, wakati taarifa hizo zilionyesha jumla ya takriban dola bilioni 65. Hata wachunguzi wa SEC, mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, waliteleza hapohapo. Mwaka 2006 Madoff aliwapa namba ya akaunti yake katika taasisi kuu inayotunza hisa, akiamini mwisho wake umefika. Hawakwenda kuuliza. Akaendelea kwa zaidi ya miaka miwili.

Kuna kipimo ambacho wajanja hukitegemea sana: kuweka kidogo, kutoa, kuona kama pesa zinakuja. Zinakuja! Tapeli hulipa haraka na kwa heshima, kwa sababu anayelipwa leo hurudi kesho na kiasi kikubwa zaidi, tena na ndugu na marafiki. Kipimo hicho huonyesha tu kwamba fedha za wapya bado zinaingia.

Halafu kuna kuegemeana. Madoff aliwahi kuwa mwenyekiti wa soko la hisa la NASDAQ, na baadhi ya waliotaka kuwekeza kwake alikuwa akiwakataa. Daktari alijiambia kwamba mwanasheria yule lazima amechunguza. Mwanasheria naye alimtegemea mwenye benki. Mwenye benki aliona majina makubwa yaliyotangulia. Kila mmoja alikuwa na ujuzi wake, na uchunguzi hakuufanya yeyote kati yao.

Mashaka yanapozuka baadaye, akili yenyewe huwa wakili wa tapeli. Malipo yakichelewa, mwerevu ndiye hodari wa kutunga sababu: mfumo unarekebishwa, benki inahakiki. Aliyewashauri wenzake waingie anaona aibu kurudi nyuma, hivyo anaongeza.

Aibu hiyohiyo humfanya anyamaze baada ya kupoteza, na wapo wanaoivizia. Orodha za waliotapeliwa huuzwa kati ya matapeli. Waliomo hupigiwa simu na “mpelelezi” au “wakili” anayesema fedha zimepatikana, ila kwanza ilipwe kodi au ada ya kuzifungulia. Ukiombwa kulipa ili urudishiwe chako, usitume chochote. Mtafute mdhibiti wa masoko ya mitaji kwa mawasiliano uliyoyatafuta mwenyewe, usitumie aliyokupa mpigaji.