Kusuuza Sahani Kwanza Hakuiponyi Mashine ya Kuoshea Vyombo

Imani hii ni ya miaka mingi: mashine ya kuoshea vyombo ikianza kutoa sahani zenye mabaki, dawa ni kuzisuuza kwanza kwenye sinki. Maji yanapotea bure, na hitilafu inabaki palepale.

Sabuni nyingi za mashine hizi zina vimeng'enya. Proteazi huvunja protini za mayai na nyama, amilazi huvunja wanga wa wali na ugali. Kazi yao ni uchafu huohuo unaouondoa kwa mkono. Tena mashine nyingi za kisasa zina kihisio kinachopima uchafu wa maji. Maji yakionekana safi, mashine hufupisha uoshaji, na sufuria yenye ukoko hutoka kama ilivyoingia. Kwangua mifupa na makombo makubwa, inatosha.

Tatizo lenyewe mara nyingi liko kwenye chujio, sakafuni mwa mashine. Zima umeme, toa trei ya chini, zungusha chujio kuelekea kushoto na ulichomoe. Lisugue kwa mswaki laini na maji ya moto yenye sabuni. Tafadhali usitumie brashi ya waya, itauharibu wavu wake. Kisha zibua matundu ya mikono inayorusha maji kwa kijiti cha meno.

Walio pwani wanaotumia maji ya kisima wana chokaa ya kushughulikia pia. Ili kuipunguza, mashine yenye tangi la chumvi ijazwe chumvi yake maalumu, si ya mezani.