Gemu za Zamani Kwenye Mashine Mpya: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana potofu: Kuboresha gemu ya zamani ni kung'arisha picha tu, kisha kuiuza mara ya pili.

Ukweli: Maneno haya husikika sana katika vibanda vya gemu vya Dodoma, kuanzia Majengo hadi Area C, na yanaeleweka, kwa kuwa mchezaji huona picha tu. Kazi yenyewe, hata hivyo, huanzia kwenye msimbo (maagizo ya kompyuta yanayoendesha gemu) na faili asilia, ambazo kampuni nyingi hazikuzitunza. Kampuni ya Konami ilipotoa upya gemu mbili za kutisha za Silent Hill mwaka 2012, mafundi walikabidhiwa msimbo ambao haukuwa wa toleo la mwisho, hivyo wakalazimika kupambana hata na makosa yaliyokwisha kurekebishwa miaka mingi nyuma. Ukungu, ambao ndio uliobeba nusu ya hofu ya gemu hizo, ukatoka na kasoro za wazi. Kampuni ya Square Enix nayo, ilipoandaa toleo la 2013 la Kingdom Hearts ya 2002, ilikuta data nyingi za awali zimepotea, ikabidi zitengenezwe upya kwa kuichambua gemu iliyokwisha kuuzwa.

Dhana potofu: Hakuna haja ya maboresho, maana PS2 (PlayStation 2, mashine ya gemu ya zamani) bado ipo na mashine mpya itasoma diski za zamani.

Ukweli: Picha ya PS2 ilikusudiwa TV za chogo. Ukiichomeka kwa zile nyaya tatu, njano, nyeupe na nyekundu, kwenye TV bapa ya leo, picha ndogo hutanuliwa ijaze kioo, maandishi yakafifia, na baadhi ya TV huchelewesha picha kiasi kwamba unabonyeza pedi na shuti linapigwa baadaye kidogo. Kuhusu diski, PS5 yenye sehemu ya diski husoma za PS4, lakini haisomi za PS3 wala za PS2. PS3 ilijengwa juu ya prosesa (chipu kuu) iitwayo Cell, yenye muundo ulio mbali sana na wa mashine zilizoifuata. Taasisi ya Video Game History Foundation ilieleza mwaka 2023 kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena. Kwa gemu za kundi hilo, naona toleo jipya lina thamani hata likiwa na kasoro ndogo.

Dhana potofu: Toleo jipya lazima lilizidi la zamani.

Ukweli: Si lazima. Gemu tatu za GTA (Grand Theft Auto) zilizotolewa upya Novemba 2021 zilikuja na sura za wahusika zilizoharibika na mvua iliyoziba macho, huku za awali zikiwa zimeondolewa madukani. Rockstar, kampuni inayomiliki gemu hizo, iliomba radhi na kurudisha za awali kwa watumiaji wa kompyuta.

Dhana potofu: Gemu nzuri inastahili kurudiwa kila mashine inapobadilika.

Ukweli: The Last of Us ilitoka kwenye PS3 mwaka 2013, ikaboreshwa kwa PS4 mwaka 2014, kisha ikaundwa upya kwa PS5 mwaka 2022, hadithi ikiwa ileile. Toleo la 2014 lilikuwa la lazima, kwa sababu PS4 haisomi diski ya PS3. La 2022 ni zuri kwa macho, lakini mwenye diski ya 2014 anaweza kuicheza kwenye PS5 yake bila kuteketeza bando la makumi ya gigabaiti.