Shenshu: kuipata nukta ya kiuno, na mipaka ya sindano yake

Mgonjwa wa kiuno anayekwenda kwa daktari wa tiba ya asili ya Kichina mara nyingi huchomwa sindano (akupancha) kwenye Shenshu. Ni nukta mbili, moja kila upande wa uti wa mgongo, katika mkondo wa kibofu, yaani njia ya nguvu mwilini kwa nadharia ya Kichina, wenye nukta 67 kila upande. Katika orodha ya kimataifa huandikwa BL23.

Ili kuipata, mgonjwa alale kifudifudi, mto mwembamba ukiwa chini ya tumbo ili kiuno kinyooke. Weka viganja juu ya mifupa ya nyonga, kisha kutanisha vidole gumba katikati ya mgongo. Hapo uko kwenye pingili ya nne ya kiuno, au kati yake na ya tano. Hesabu kwenda juu nundu mbili za uti wa mgongo, ufike pingili ya pili. Kwa mtu mnene, nyama huisukuma mikono juu, hivyo unaweza kudhani uko kwenye ya nne kumbe ni ya tatu. Papasa nundu moja moja, tena polepole.

Chini tu ya nundu ya pingili ya pili, katikati kabisa, ipo nukta nyingine iitwayo Mingmen. Toka hapo kwenda pembeni cun 1.5. Cun ni kipimo cha mwili wa mgonjwa mwenyewe: upana wa kidole chake cha shahada na cha kati vikibanwa pamoja ndio hiyo 1.5. Anayetumia vidole vyake kumpima mtoto au mtu wa umbo dogo atapotea. Hakikisha kwa njia ya pili: kutoka katikati ya mgongo hadi ukingo wa ndani wa mfupa wa bega ni cun 3, nawe unataka nusu yake. Kidole kinapaswa kutua juu ya msuli mnene ulio sambamba na uti. Ukifika cun 3 umeshavuka hadi nukta nyingine, Zhishi.

Hatari kubwa ni mwelekeo wa sindano. Figo ziko nyuma ya tumbo kwenye usawa huohuo, na la kulia hukaa chini kidogo kuliko la kushoto. Kwa hiyo sindano huingizwa wima, au ikiinama kidogo kuelekea uti, kwa kina cha nusu cun hadi cun moja, yaani takriban milimita 12 hadi 25. Kwa mtu mwembamba kina hupunguzwa. Sindano ndefu iliyoinamishwa kwenda nje inaweza kutoboa figo. Mgonjwa husikia uzito au maumivu butu. Akisikia kama shoti ya umeme ikishuka mguuni, aseme hapohapo, sindano irudishwe nyuma. Kwa kawaida sindano hukaa dakika 20 hadi 30.

Sindano ziwe mpya, zifunguliwe mbele yako na kutupwa baada ya matumizi. Hili halina mjadala, kwa sababu sindano iliyorudiwa huambukiza homa ya ini na VVU. Mwambie mtoa huduma kama una mimba au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Madaktari wa Kichina hufundisha kwamba kiuno ni makao ya figo, ndiyo maana nukta hii hutumiwa pia kwa masikio yanayovuma na kukojoa mara kwa mara usiku. Figo hilo ni la nadharia yao. Figo lililoshindwa kufanya kazi haliponi kwa Shenshu, na kumchelewesha mgonjwa wa aina hiyo asifike hospitali ni kumhatarisha.

Je, kwa maumivu ya kiuno inasaidia? Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2007 ulifuatilia wagonjwa 1,162. Baada ya miezi sita, asilimia 47.6 ya waliopata akupancha halisi walikuwa na nafuu, dhidi ya 27.4 ya waliopata tiba ya kawaida. Lakini waliochomwa juujuu, nje ya nukta, walifika 44.2. Kwa maoni yetu, nafuu ipo, ila asidanganywe mtu kwamba siri yote imo ndani ya nukta.

Nyumbani, kanda Shenshu kwa vidole gumba dakika moja hadi tatu, ukibonyeza msuli wala si mfupa, au egemea ukuta ukiwa umebana mpira wa tenisi hapo. Wajawazito wasijaribu.

Acha kukanda uende hospitali iwapo mguu unalegea, ganzi imeshika sehemu za siri, mkojo unagoma kutoka au unatoka bila kujizuia: hizo ni dharura za siku hiyohiyo. Homa, kukonda, jasho la usiku au maumivu yasiyotulia hata ukilala nayo yanahitaji vipimo, kwani kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo.