Je, Wajua Kwa Nini Chenso Mpya Inakula Petroli Kidogo Kuliko ya Zamani Yenye Nguvu Ileile?

Chukua chenso mbili, yaani misumeno ya injini ya kukatia miti, za kampuni ya Stihl ya Ujerumani, MS 660 na MS 661. Ya kwanza ndiyo ile ambayo wakataji wa siku nyingi waliizoea kwa jina la 066. Ya pili ndiyo iliyokuja kushika nafasi yake. Ujazo wa injini ya 660 ni sentimita za ujazo 91.6, wa 661 ni 91.1. Nguvu ni kilowati 5.2 kwa 5.4. Uzito, ukitoa cheni na ule upanga mrefu ambao cheni huzungukia, ni kilo 7.3 kwa 7.4. Kwa namba hizi ni mtu na pacha wake. Lakini watengenezaji wanasema teknolojia iliyomo ndani ya hiyo mpya hupunguza ulaji wa petroli hadi asilimia 20, na ukisimama nyuma yake inapokata, macho hayawashi kama yanavyowasha kwa ile ya zamani. Sasa hiyo petroli ya ziada ilikuwa inakwenda wapi?

Ilikuwa inatupwa nje ikiwa mbichi.

Injini ya chenso ni ya tu-stroki, yaani huwaka kila pistoni inapopanda na kushuka mara moja. Haina valvu za kufungua na kufunga kama injini ya gari. Kazi hiyo inafanywa na pistoni yenyewe, ikipita mbele ya matundu yaliyotobolewa kwenye ukuta wa silinda. Plagi ikishawasha, pistoni inasukumwa chini. Kwanza inafunua tundu la eksozi, moshi unaanza kutoka. Ikishuka kidogo zaidi inafunua matundu ya pembeni, na mchanganyiko mpya wa hewa, petroli na oili unapanda kutoka chini, kwenye chumba cha krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na kuusukuma moshi uliobaki nje. Tatizo liko hapo hapo: kwa muda huo mfupi matundu yote yako wazi kwa pamoja. Mchanganyiko mpya unaingia upande mmoja, na sehemu yake inapitiliza moja kwa moja hadi kwenye eksozi kabla pistoni haijarudi juu kufunga. Ni sawa na kusuuza kikombe kwa maziwa. Katika injini za namna hii za zamani, robo ya petroli, wakati mwingine hata karibu theluthi, hutoka bila kuungua. Na kwa kuwa oili imechanganywa humo humo, nayo inatoka, ndiyo maana ya ule moshi wa bluu na ile harufu inayobaki kwenye nguo hadi jioni.

Injini hiyo huzunguka zaidi ya mara 12,000 kwa dakika ikiachiwa mafuta yote, na kila mzunguko unatupa kidogo. Na anayeipokea hewa hiyo ni mkataji mwenyewe, kwa sababu uso wake uko hatua moja tu kutoka kwenye eksozi. Petroli mbichi ina benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Hili linaniuma kuliko suala la gharama, maana watu hujadili bei ya lita na kusahau mapafu.

Wahandisi walifanya jambo ambalo likishaelezwa linaonekana rahisi. Kwenye MS 661 njia ya kuingizia imegawanywa mbili. Moja inapitisha mchanganyiko wa petroli kwenda chini, nyingine inapitisha hewa tupu. Ukiishika pistoni yake mkononi utaona imechongwa mfuko ubavuni, kila upande, kitu ambacho pistoni ya 660 haina. Pistoni inapopanda juu, mifuko hiyo inaunganisha njia ya hewa tupu na vijia vya pembeni vya silinda, na hewa safi inavutwa kujaa humo. Pistoni ikishuka na kufunua matundu, cha kwanza kuingia ni hiyo hewa safi. Inasukuma moshi, na kama kuna kinachopotelea kwenye eksozi, ni hewa tu. Petroli inafuata nyuma yake, na inapofika tundu la eksozi linakaribia kufungwa.

Husqvarna ya Sweden nayo ilipita njia hiyo hiyo kwa jina la X-Torq. Chenso yake maarufu ya 372 XP ilitengenezwa kwa namna zote mbili, ya zamani na ya X-Torq, kwa ujazo uleule wa sentimita za ujazo 70.7.

Wala tusidhani kampuni hizi ziliamka tu siku moja zikamhurumia mkataji. Zilisukumwa na sheria. California ilianza kubana moshi wa injini ndogo mwaka 1995, serikali kuu ya Marekani ikafuata kwa injini za kuanzia 1997 na kukaza zaidi baadaye, kisha Umoja wa Ulaya ukatoa agizo lake mwaka 2002.

Tofauti ya pili iko kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na kwetu huku Tanzania hii ina uzito wake. MS 660 inarekebishwa kwa bisibisi. Fundi anaivuta mafuta hadi mwisho bila kukata kitu, anasikiliza. Ikiwa sauti ina mkwaruzo kidogo, kama inakatika-katika, kisha ikiingia kwenye gogo inanyooka, hapo mchanganyiko uko sawa. Ikilia kali na nyembamba tangu mwanzo, petroli ni pungufu, na pistoni itapata moto hadi ikwaruze silinda. Ni ujuzi wa sikio, na mafundi wazuri wanao.

Lakini hewa haifanani kila mahali. Njombe mjini, kwenye mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita ikilinganishwa na ya pwani. Chenso iliyopangwa Dar es Salaam ikipelekwa huko inapata petroli nyingi kuliko hewa. Inavuta moshi na kulegea. Kinyume chake ndicho cha hatari: iliyopangwa kwenye misitu ya misonobari ya Mufindi, huko milimani, ikishushwa Rufiji kwenye tambarare za pwani bila kuguswa bisibisi, inafanya kazi ikiwa na njaa ya petroli, na petroli ile ndiyo inayobeba oili ya kulainisha. Hapo silinda inakufa. MS 661 ya aina ya M-Tronic ina kompyuta ndogo inayosoma mzunguko wa injini na kupima petroli yenyewe kwa valvu ya umeme, kwa hiyo inajizoesha na mahali ilipo.

Mbona basi wengi bado wanaing'ang'ania ya zamani? Nawaelewa. 660 ikizingua porini inafunguliwa juu ya kisiki, na vipuri vyake viko vingi, vya asili na vya kuigiza. Kompyuta ya M-Tronic ikifa, bisibisi haisaidii. Unahitaji muuzaji mwenye kifaa cha kuipima, na anaweza kuwa mbali sana. Kwa mtu anayepasua mbao mbali na mji, 660 halisi iliyotunzwa bado ni chaguo la akili. Anayefanya kazi shambani kila siku na ana wakala karibu, mimi ningemwambia anunue mpya bila kusitasita.

Ila wapo wanaopeleka mapenzi ya zamani mbali mno, hadi kwenye Stihl 070. Mizizi yake ni chenso ya Stihl iliyoitwa Contra, ya mwaka 1959, ina ujazo wa sentimita za ujazo 106 na uzito unaozidi kilo 10. Ina mvuto mkubwa kwenye gogo nene, hilo ni kweli. Lakini nyingi kati ya zile kongwe hazina breki ya cheni, ile inayoisimamisha cheni pale msumeno unapomrukia mtu usoni. Hiyo ya kukosa breki siwezi kuitetea, hata kwa bei ya bure.

Kwa upande wa pili, tangu 2019 iko sokoni MS 500i, ambayo haina kabureta kabisa. Petroli inapulizwa na injekta, na umeme wa kuendesha mfumo huo unazalishwa na injini yenyewe, bila betri, tangu kamba inapovutwa. Inatoa kilowati 5.0 ikiwa na kilo 6.2, yaani karibu nguvu ya 660 huku bega la mkataji likipunguziwa zaidi ya kilo moja.