Filamu ya njozi ya watoto si ya watoto tu

Wengi wakiona alama ya umri kwenye filamu ya njozi huamua kwamba mtu mzima hana lake pale. Alama hiyo hupima vitisho, matusi na damu. Haisemi hadithi inamhusu nani.

Tazama Spirited Away, filamu ya katuni ya mwongozaji Mjapani Hayao Miyazaki (2001). Shujaa ni binti wa miaka 10 ambaye wazazi wake wanageuka nguruwe kwa ulafi wao. Mtoto anayeitazama huona mizimu na mikasa. Mzazi aliyeketi naye humwona mwajiri anayempora mfanyakazi hata jina lake, na hilo halichekeshi sana. Mwaka 2002 filamu hiyo ilitwaa, pamoja na filamu nyingine, Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin. Zipo filamu za watoto zinazochosha wakubwa, sikatai. Nyingi kati ya hizo hata watoto huziacha katikati.