Baridi haiui mbegu ya ng'ombe, tunaiua sisi tukiitoa

Huku Njoro ng'ombe akirudi kwa joto, yaani kutaka fahali tena, wiki tatu baada ya kupandishwa kwa AI, ile mbegu ya fahali iliyogandishwa, neno la kwanza utasikia ni "mbegu ilikuwa imezeeka." Hapana jamani. Ndani ya nitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sufuri, mbegu haiozi wala haizeeki. Kule Australia 2019 walipandisha kondoo na mbegu iliyogandishwa 1968 na zaidi ya nusu wakashika mimba. Usiulize fahali alikufa mwaka gani, uliza mtungi wa nitrojeni umetunzwa aje.

Ati baridi ndio inaua. Hii nataka ieleweke kabisa juu ndio inafungua hizo zingine zote. Hatari iko katikati, mbegu ikiwa inaelekea kuganda ama inarudi kuyeyuka, hapo maji yanakuwa vipande vya barafu, chumvi inayobaki inakolea, na utando wa mbegu unapasuka. Ndio maana mbegu huchanganywa na vitu kama kiini cha yai, kinachokinga utando ikipoozwa, na glisaroli, ambayo watafiti wa Uingereza waligundua 1949 kuwa inakinga mbegu ikigandishwa, wakifanya kazi na mbegu ya jogoo. Na bado karibu nusu hufa. Hujaibiwa, mrija mmoja, kile kijiti cha plastiki kinachobeba mbegu, hutiwa mamilioni kwa sababu hiyo hiyo. Ile ya kuchagua ndama jike ndio huwa na chache sana, kama milioni 2 hadi 4, kwa hivyo hiyo usiichezee hata kidogo.

Sasa kwapa. Nimeona mtu akitoa mrija kwa mtungi anauweka kwapani akiongea na mwenye boma, na watu wanaamini ni sawa ati joto la mwili ni joto la mwili. Shida ni mwendo, kwapa inapasha polepole na vile vipande vidogo vya barafu vinapata muda wa kuungana vikawa vikubwa. Maji ya nyuzi 35 mpaka 37, sekunde 30 hadi 45, basi. Maji moto sana yanaipika, na ya bomba asubuhi ya Molo ni mabaya vilevile.

Halafu wengi wanafikiri ikishayeyuka kazi imeisha, na hapo ndipo mimi nilipoteza. Julai moja, baridi ya kukata masikio, mrija wangu uliyeyushwa vizuri kabisa kisha ukatiwa kwa chuma cha kupandishia kikiwa baridi na kubebwa hivyo hivyo mpaka kwa zizi, mtamba wangu hakushika na niliumia sana. Mbegu iliyoyeyuka ikipigwa na baridi tena inakufa. Chuma kisuguliwe kipate joto, mrija upanguswe ukauke kwa sababu hata tone la maji linaharibu, kibebwe ndani ya nguo, na ng'ombe apandishwe ndani ya dakika 10 hadi 15. Kurudisha kwa mtungi mrija ulioyeyuka, usijaribu.

Hata ule haujayeyuka, ukivutwa juu ya shingo ya mtungi kutafutwa jina la fahali kwa zaidi ya sekunde 10, unaanza kuumia. Kuushusha chini hakuponyi kitu, kinachoharibika kinajumlika kila ukiinuliwa. Na wale wa "moshi bado unatoka, nitrojeni iko": moshi unatoka hata ikibaki kidogo sana. Tia kijiti kikavu mpaka chini, kitoe, ule mpaka wa barafu nyeupe ndio kipimo. Friza ya nyumbani ni nyuzi 18 hivi chini ya sufuri, haiwezi hii kazi.

Na sio kila kurudi kwa joto ni kosa la mbegu, saa ya kupandisha nayo ni kitu. Ukiona amesimama akipandwa na wenzake asubuhi, mpandishe jioni, akisimama jioni ngoja asubuhi.

Kwangu siku hizi kuna flaski na themomita. Mtu wa AI akiingia geti tunaanza na maji, tunapima 37, ndipo mtungi unafunguliwa.