Waliohesabiwa na waliochagua: historia ya eneo bunge 60B, Minneapolis

Kwanza tuelewane kwenye neno moja, maana linawachanganya wengi. Mtanzania akisikia "jimbo" huwaza eneo linalotoa mbunge mmoja. Marekani ikitajwa, neno hilohilo tunalitumia kwa Minnesota au Texas, ambazo kila moja ina gavana wake, bunge lake na mahakama zake. Katika makala haya, jimbo ni Minnesota. Sehemu ndogo inayotoa mjumbe mmoja nitaiita eneo bunge, kama wasemavyo Wakenya.

Minnesota imegawanywa katika maeneo 67, na kila moja humtoa seneta mmoja wa jimbo. Kila eneo kati ya hayo hukatwa tena vipande viwili, A na B, na kila kipande humpeleka mtu mmoja katika baraza la wawakilishi la jimbo. Kwa hiyo baraza hilo lina wajumbe 134, na muhula wao ni miaka miwili tu. 60B ni kimoja cha vipande hivyo, katikati ya jiji la Minneapolis, kando ya Mto Mississippi. Kwa miaka mingi kimebeba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota pamoja na wakazi wa mtaa wa Cedar-Riverside.

Nimeichagua 60B kwa sababu historia yake inapita Mombasa. Mwaka 2016 kiti chake kilichukuliwa na Ilhan Omar, mzaliwa wa Mogadishu aliyekimbia vita na familia yake akiwa mtoto, akaishi miaka minne katika kambi ya wakimbizi ya Utanga, nje kidogo ya Mombasa, kabla ya kupelekwa Marekani mwaka 1995. Alikuwa Msomali wa kwanza kuchaguliwa katika bunge la jimbo lolote nchini humo. Lakini tukianza na yeye tutakosa jinsi kiti chenyewe kilivyojengwa, na hilo ndilo wananchi wengi hawajaelezwa.

Mipaka haikuwa ya haki tangu mwanzo. Baada ya kuchorwa mwaka 1913, bunge la Minnesota liliiacha hivyohivyo hadi 1959. Katika miaka hiyo watu walihamia mijini kwa wingi, ila viti vilibaki mashambani. Mwakilishi wa mjini akawa na wananchi wengi mno nyuma yake, wa kijijini wachache, na ndani ya ukumbi kura zao zililingana. Waliofaidika na mipaka ya zamani ndio waliokuwa na mamlaka ya kuibadilisha, kwa hiyo walikaa kimya. Ilibidi wananchi waende mahakama ya shirikisho, na mwaka 1958 mahakama hiyo ikalibana bunge mpaka likachora upya. Miaka sita baadaye, mwaka 1964, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Reynolds v. Sims kwamba viti vya mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo lazima vigawanywe kwa idadi ya watu. Ekari na miti havina mwakilishi.

Tangu hapo kila kitu kinaning'inia kwenye sensa. Chukua hesabu ya 2020: Minnesota ilikuwa na watu 5,706,494. Gawanya kwa 134 upate 42,586, na hiyo ndiyo idadi ambayo kila eneo bunge linatakiwa kuikaribia. Baada ya sensa ya 2010 kiwango kilikuwa 39,582.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo. Anayehesabiwa katika hesabu hiyo ni mkazi, awe mpigakura au asiwe. Mtoto wa wiki moja yumo. Mwanafunzi aliyetoka jimbo jingine na kulala bwenini yumo. Mkimbizi aliyefika mwaka jana na bado hana uraia yumo pia. Wote hao wanaongeza uzito wa eneo wanaloishi hata kama siku ya kura hawaruhusiwi kufika kituoni. Mama anayekataa kuwajaza watoto wake kwenye fomu ya sensa kwa kuogopa serikali anaupunguzia mtaa wake sauti kwa miaka kumi.

Cedar-Riverside umeishi hali hiyo zaidi ya mara moja. Mwishoni mwa karne ya 19 ulikuwa mtaa wa wahamiaji kutoka Sweden, Norway na Denmark. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yalipanda pale majengo marefu ya Riverside Plaza, yenye paneli za rangi, refu kuliko yote likiwa na ghorofa 39. Humo, kuanzia miaka ya 1990, Wasomali walipata makazi, wengi wao wakiwa wamepitia kambi na mitaa ya Kenya. Walihesabiwa katika sensa ya 2000, wakahesabiwa tena 2010. Mwakilishi wao alikuwa Phyllis Kahn.

Mama huyu anastahili heshima yake. Alikuwa mwanasayansi mwenye shahada ya uzamivu kutoka Yale na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Alichaguliwa mwaka 1972, wakati wanawake katika baraza lile walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, akakaa miaka 44. Ndiye aliyeisukuma sheria ya hewa safi ya mwaka 1975, iliyoifanya Minnesota kuwa jimbo la kwanza kutenga sehemu za wavutaji na wasiovuta sigara karibu katika majengo yote ya umma. Namba ya eneo lake ilibadilika mara kadhaa mipaka ilipochorwa upya, ikafika 60B mwaka 2012, yeye akibaki palepale.

Alibaki kwa sababu eneo lile ni ngome ya chama cha DFL, jina la Democrats wa Minnesota. Katika ngome ya aina hiyo uchaguzi wa Novemba huwa umekwisha kuamuliwa Agosti, kwenye mchujo, au kura za maoni kama tusemavyo Tanzania. Tofauti ni kwamba huko mchujo unasimamiwa na serikali, na huhitaji kadi ya chama ili upige kura. Tatizo ni mahudhurio. Agosti wanafunzi wengi wako likizo, na wengine hawajui kama kuna kura.

Mwaka 2014 Mohamud Noor, Msomali, alimkabili Kahn kwenye mchujo akashindwa. Mwaka 2016 walirudi wote wawili, safari hii pamoja na Omar, ambaye kampeni yake iliwatafuta wanafunzi kwa bidii ileile iliyotumia kuwatafuta Wasomali. Alishinda kwa takriban asilimia 41. Kura zote za siku ile hazikufika 6,000, katika eneo lililochorwa kwa watu karibu 40,000. Wapo wanaousimulia ushindi ule kama hesabu ya kabila. Sikubaliani nao, kwa sababu kulikuwa na wagombea wawili Wasomali, na kura za jamii moja zilizogawanyika zingeweza kumrudisha Kahn kwa urahisi.

Omar alikaa muhula mmoja, kisha akagombea Bunge la Marekani. Noor, aliyekwisha kushindwa mara mbili, alichukua kiti mwaka 2018.

Mipaka ya sasa ilitangazwa Februari 2022, na hawakuichora wanasiasa. Bunge la Minnesota lilishindwa kukubaliana, na kama ilivyokuwa baada ya sensa mbili zilizotangulia, kazi ikaangukia jopo la majaji watano walioteuliwa na jaji mkuu wa jimbo. Kwa maoni yangu majaji wamewatendea wananchi haki kuliko ambavyo vyama vingefanya, ingawa ni aibu kwa bunge kukwepa jukumu lake kila muongo. Uzito wa mstari mmoja kwenye ramani ulionekana Novemba 2024, uchaguzi ulipoligawa baraza la wawakilishi la jimbo nusu kwa nusu kati ya DFL na Republicans, 67 kwa 67.

Sensa inayofuata ni ya 2030, na ramani itakayotokana nayo itatumika kwenye uchaguzi wa 2032. Mwenye ndugu Minneapolis amwambie mambo mawili: aijaze fomu ya sensa kwa majina ya wote wanaolala nyumbani kwake, na akishapata uraia aende kupiga kura Jumanne ya pili ya Agosti. Kama hajajiandikisha, sheria ya Minnesota inamruhusu kujiandikisha hapohapo kituoni, siku hiyohiyo.